Printa Iliyokuwa Ikimngoja Mkwe

Bi Karani alistaafu mahakamani baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga chapa hukumu za watu, na alitoka huko na jicho lisilovumilia uchafu. Karatasi ikiwa na doa la kidole, kwake haisomeki. Sebuleni, kwenye meza iliyokuwa ya chakula, aliweka kompyuta na printa isiyotumia waya, akawa anawaandikia majirani barua za kazi na hati za kiapo.

Printa ililetwa na mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Ndiye aliyeiunganisha, na ndiye aliyeitwa kila ilipogoma. Na iligoma, jamani! Jioni inachapa vizuri, kesho yake asubuhi kompyuta inaandika: printa iko nje ya mtandao. Bi Karani anaizima, anaiwasha, anachomoa waya wa umeme na kuurudisha. Wapi! Basi anampigia mkwe.

Mkwe hakuwa mtu wa haraka. Alifika karibu na saa ya kula, akajitupa kitini, akalamba kidole gumba ndipo aguse karatasi. Alichokonoa meno kwa kona ya kadi yake ya zamani ya kazini, kisha kwa kona ile ile akakwangua kioo cha printa. Lakini utamwambiaje mkweo anawe mikono? Bi Karani alisema, "Asante, baba," na mgeni alipoondoka akachukua kitambaa na spiriti.

"Mama, hizi mashine zinamtaka mtu anayezijua," mkwe alipenda kusema, mdomo umejaa.

Siku moja ya Jumatano, jirani yao muuguzi alitakiwa kupeleka maombi ya ajira ya kudumu kabla ya saa sita mchana. Miaka mitatu alikuwa amefanya kazi kwa mikataba ya miezi miwili miwili. Karatasi zote zilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Saa nne asubuhi, printa haipo mtandaoni. Mkwe alipopigiwa alijibu, "Nipo njiani, mama." Saa tano hajaonekana. Muuguzi akakimbilia duka la kuchapisha, akakuta foleni, na alipofika ofisini dirisha limeshafungwa. Alirudi na bahasha yake, akaketi kizingitini kwa Bi Karani, akavua viatu.

Mkwe alitokea saa kumi. Akamruka muuguzi pale mlangoni. "Pole, dada. Haya mambo yanataka maandalizi." Akaingia, akabonyeza bonyeza, printa ikaamka. Akala sahani mbili.

Kesho yake ikawa imezima tena. Safari hii Bi Karani hakupiga simu. Alivaa miwani, akatoa drooni kijitabu cha printa, ambacho kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Kilisema ubonyeze kitufe kimoja kwa muda, itoke karatasi ya taarifa. Ikatoka. Mbele ya jina la mtandao palikuwa na maneno: KIBOKO YAO.

Intaneti ya nyumbani kwake haikuitwa hivyo. Alifuata kijitabu mstari kwa mstari, akairudisha printa kwenye mtandao wa nyumbani. Kazi ya dakika ishirini.

Jumamosi mkwe akaja kusalimia. Alipokuwa anavua viatu, Bi Karani aliangalia orodha ya mitandao kwenye kompyuta: KIBOKO YAO, mawimbi yamejaa.

"Baba, hebu niletee mkate hapo dukani."

Akatoka. Lile jina likatoweka. Akarudi na mkate, jina likarudi. Bi Karani alijisikia kama aliyekuta unywele kwenye chakula alichokwisha kumeza.

"Kiboko yao ndiye nani?"

Mkwe akacheka. "Simu yangu hiyo, mama."

"Na printa yangu inatafuta nini kwenye simu yako?"

Kicheko kikaisha. Akaanza kujichokonoa kucha. "Nikija naziunganisha printa na kompyuta kwenye mtandao wa simu yangu, nikiondoka printa inazima. Ndipo mnaniita. Tangu nipunguzwe kazini, ni hapa tu ninapoitwa fundi."

Bi Karani aliitafuta huruma, hakuiona. "Jirani ulimkuta pale kizingitini. Ukamruka, ukaingia, ukala."

"Nilikuwa na njaa, mama."

Bi Karani hakuweza kumtazama tena. Alimpa mkate wote, akamwambia aende nao.

Alimpigia binti yake, akamweleza. "Najua, mama. Siku unayomwita ndiyo siku anayooga."

"Ulijua, ukaniacha?"

"Ningefanyaje? Ni mume wangu."

Bi Karani aliiweka simu mezani, akaifuta kwa spiriti.

Kisha akaenda kwa muuguzi, akamweleza yote. Muuguzi alimsikiliza huku akikunja sare zake. "Printa ni yako," alisema hatimaye. "Kile kijitabu hukukifungua siku zote hizo?"

Bi Karani alikuwa amekiona kila alipovuta droo. Ilikuwa rahisi kumwita mkwe na kumchukia kimoyomoyo. Aliondoka akijihisi ananuka yeye mwenyewe.

Siku hizi mkwe huja Jumapili na mkewe. Anakula, Bi Karani anamtengea, kisha yeye anakwenda kuketi jikoni. Printa haijazima tena. Nafasi nyingine hospitalini ilitangazwa baada ya miezi minne. Muuguzi aliandika maombi yake kwa mkono, akapita mbele ya dirisha la Bi Karani, akaenda kuyachapisha dukani.