Ubeti Uliokatwa

Ovella Sizemore alikuwa mpishi wa shule katika bonde letu la Kentucky, mwenye mikono mizito na sauti ya kutikisa madirisha ya kanisa. Mwaka 1969 kaka yake Denzil alifia mgodini, katika mlipuko, pamoja na wenzake sita. Msimamizi, Vester Combs, alijua tangu asubuhi kwamba gesi imejaa. Akawashusha vivyo hivyo.

Ovella akatunga wimbo. Beti mbili za kumlilia Denzil, na wa tatu wa kumtaja Combs kwa jina. Hobart Gayheart aliuza fanicha, na nyuma ya duka alirekodi wanamuziki wa kantri wa milimani. Akamrekodi, akatoa santuri mia tatu.

Tuliusikia mara ya kwanza redioni, jikoni mwa shule, mimi na yeye tukimenya viazi. Ubeti wa kwanza, wa pili, fidla ikalia, kisha likaingia tangazo la matairi.

"Ndio umeisha?" nikauliza.

Ovella alivua aproni, akaitupa kwenye sinki, akatoka. Nikamkimbilia, maana namjua.

Hobart alikuwa dukani akipangusa kabati.

"Ubeti wangu uko wapi?"

"Dada Ovella, kaa kwanza. Redio wasingeupiga. Nimeukata kidogo tu, wimbo bado mtamu."

"Mtamu? Denzil tulimtambua kwa bizimu ya mkanda, wewe unaniambia mtamu?"

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Wasikie! Waambie na kitanda unawauzia bila miguu!"

Hobart hakubadili kitu. Na wimbo ukapendwa, kwani sasa haukumuuma mtu. Ukapendwa mpaka kampuni ya mgodi ikamwalika Ovella auimbe kwenye tafrija yake ya Septemba. Nikamwambia asiende, ni matusi.

"Naenda," akasema. "Gauni langu la bluu liko wapi?"

Combs alikaa mstari wa mbele, sahani ya pai mapajani. Ovella aliimba beti mbili kwa utulivu. Wapiga muziki wakadhani amemaliza, wakashusha vyombo. Akaingia wa tatu, bila gitaa, bila fidla, akimtazama Combs machoni. Mtu akazima kipaza sauti. Kama vile Ovella alikihitaji! Akaurudia. Mara ya tatu wajane wanne wa mlipuko ule walikuwa wamesimama wanaimba naye, na Combs anavuka nyasi kuelekea gari lake, mke wake akimfuata mbio.

Jumatatu shule ikamwachisha kazi. Combs hakushtakiwa, walimhamishia Virginia, akazeeka vizuri tu. Ovella alifua nguo za watu miaka kumi na tisa.

Siku hizi santuri ile inasakwa na wakusanyaji. Alikuja bwana mmoja kutoka Ohio, ameikumbatia kama mtoto mchanga, anaomba saini.

"Mama, hii ni adimu sana."

"Sitii saini uongo," Ovella akamjibu. "Kama una dakika tano, kaa hapo nikuimbie wimbo wenyewe, beti zote tatu."

Yule bwana akatazama saa, akasema safari yake ni ndefu.