Siku Tisa za Kuta Zisizo na Paa

Mama alikuwa amebakiwa na jicho moja, na hilo nalo daktari wa Johannesburg alishatuambia haliendi mbali. Nilikuwa nimemleta kutoka Kigoma mwaka 2016 kwa ajili ya matibabu. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Bellevue, jijini humo, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao nyembamba hivi kwamba jirani yetu Mkongo akipiga chafya, mama alimwitikia kutoka kitandani kwake. Ombi lake lilikuwa moja tu. Alitaka kumwona dada yangu mkubwa kwa jicho hilo kabla halijazima.

Dada alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja Uingereza, ameolewa huko, mashambani kwenye bonde la mto. Hakuwahi kurudi, hata tulipomzika baba. Akipiga simu ya video, salamu zikiisha aligeuza kamera akatuonyesha maua ya bustani yake. Mama aliyajua yale maua kuliko sura ya mwanawe.

Mwaka uliofuata dada alinitumia mwaliko na tiketi. Mama akanipa neno la kupeleka: aje. Akaniwekea na masharti, maana nyumbani kwetu neno zito halisemwi ovyo. Nisiliseme njiani. Nisiliseme mbele ya shemeji. Na kwa kuwa mimi ni mdogo, nisilianzishe mwenyewe. Ningoje dada aniketishe nyumbani kwake baada ya chakula, aniulize nimekuja na neno gani. Ndivyo mgeni anavyoulizwa kwetu, siku ya pili au ya tatu, akishapumzika. Nilifunga chumba changu cha cherehani kule mtaa wa Jeppestown, nikamwacha mama mikononi mwa yule jirani, nikaondoka.

Siku ya pili sikuulizwa kitu. Nilipelekwa kuona ngome.

Shemeji ni Mwingereza mstaafu, mpole, mwenye kadi ya uanachama wa chama cha mambo ya kale inayomfungulia kila jengo bovu la bonde lile. Alitandaza ramani mezani, kila siku imezungushiwa duara la penseli. Ngome ilikuwa na handaki la maji lenye bata, na ngazi za mawe zilizonipa kizunguzungu. Siku ya tatu tukaenda kwenye nyumba ya watawa iliyobomoka tangu enzi za wafalme wa kale. Hakuna paa, hakuna milango, majani yameota pale watu walipokuwa wakisali. Nilitazama juu nikakumbuka kwamba Jeppestown tunayo majengo yasiyo na paa tele, na hakuna aliyewahi kutuwekea mtu wa kukata tiketi mlangoni.

"Pazuri, eh?" dada aliniuliza.

"Pazuri," nilisema. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope hadi kwenye soksi.

Siku ya nne nikajaribu kumsogeza. Nilikuwa naosha vyombo, yeye anafuta.

"Dada, leo tubaki nyumbani basi. Tukae, tuongee."

"Tutaongea tu, mdogo wangu, haraka ya nini? Leo kuna kinu cha maji. Kinasaga mara mojamoja, ukikikosa ndiyo basi."

Kinu kilisaga. Gurudumu lilizunguka, unga ukatoka, watu wazima wakapiga makofi kwa kuona unga. Siku ya tano tulivuka daraja la mawe juu ya mto wenyewe, ambao Kigoma tungeuita kijito na kuufulia nguo. Siku ya sita tulipanda treni ya moshi iliyotupeleka hadi mahali pasipo na kitu na kuturudisha. Kila jioni dada alisema amechoka, akapanda kulala, nami nikabaki sebuleni na shemeji tukitazama ramani ya kesho. Nilimchukia yule mwenye penseli, ingawa hakunikosea lolote.

Na kila mahali ilikuwa picha. Dada alichukua simu yangu mwenyewe. "Simama hapo. Sogea kidogo, mnara uonekane. Cheka basi! Mama aone ulikofika."

"Njoo tupige wote wawili."

"Nani atatupiga? Shemeji yako hukata watu vichwa."

Siku ya nane mvua ilitukimbiza ndani ya kanisa dogo la kijiji. Palikuwa na mkuu wa vita wa zamani amelala chali juu ya kaburi lake, sanamu ya mawe, na mkewe ubavuni, pua zao zimelika kwa kuguswaguswa. Shemeji akaanza kueleza walikuwa kina nani. Dada akanitafsiria, kwa bidii, hakuacha hata jina la farasi. Hapo nikashindwa.

"Dada, mama anapofuka."

Niliyavunja masharti yote kwa mkupuo: nimesimama, nipo njiani, mbele ya shemeji, na mimi ndiye mdogo. Shemeji hakujua Kiswahili, lakini aliacha maelezo yake.

"Amebakiwa na jicho moja. Anataka akuone. Hilo ndilo neno nililokuja nalo, na siku nane hujaniuliza."

Dada alikuwa akipapasa kiatu cha yule mama wa jiwe. "Nilijua una neno," alisema. "Unafikiri nimesahau desturi? Ningekuuliza, ingenibidi nijibu."

"Basi jibu sasa."

"Sikuja kumzika baba. Nitamtazama mama kwa uso gani?"

"Kwa huohuo ulio nao! Hana haja na mwingine."

Dada alifunga zipu ya koti akamwambia shemeji kwa Kiingereza kwamba tuwahi chai kabla mgahawa haujafungwa. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilikula maandazi yao yenye malai na jamu kwa hasira, mawili, na siku ya tisa nikatembezwa bustani ya tufaha bila kusema neno. Uwanja wa ndege alinikumbatia kwa nguvu, akasema, "Msalimie mama." Basi.

Nilifika Bellevue saa nne asubuhi. Jirani alinipokea mlangoni. "Eish, umekuya! Mama alikuwa anaulizaka juu yako kila siku."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kilichovutwa dirishani, penye mwanga. Alinipa maji, akaningoja ninywe. Kisha akaniuliza kama inavyotakiwa, taratibu, mikono mapajani: "Haya, umekuja na neno gani?"

Siku tisa nilikuwa nimelingoja swali hilo. "Anakusalimia sana," nilisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea mzigo mwepesi kuliko alioutarajia. "Nionyeshe picha basi."

Alisogeza simu hadi ikakaribia kugusa kope. Nikawa nampitishia. Ngome. Mimi. Bata. Mimi mbele ya kuta zisizo na paa. Gurudumu, daraja, kondoo, mimi, treni, mimi.

"Yeye yuko wapi?"

Ndipo nilipoelewa, na hasira ikanipanda upya. Picha zaidi ya mia, na hakuna hata moja yenye uso wake. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga.

"Simama," mama alisema. "Rudi nyuma moja."

Ilikuwa picha ya darajani, siku pekee iliyotoka jua. Mimi nimeegemea ukuta, na chini, kwenye mawe, kivuli cha mpigaji kimelala hadi miguuni kwangu: viwiko vimeinuliwa, mguu mmoja mbele. Mama alikitazama muda mrefu, akageuza kichwa ili jicho lake zima likipate vizuri. Akakipitishia kidole.

"Bado anasimama vilevile," alisema. "Amenenepa kidogo. Nionyeshe nyingine."

Hakukuwa na nyingine.