Namba ya Mzee Haigawanyiki

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Ndanai, na juzi hesabu ilinivua nguo mazishini.

Mjane wa jirani yangu alikuwa ameniomba nizungumze. "Mwalimu, wanangu watatu wanataka kukata shamba la chai wagawane. Wewe uliwafundisha, watakusikia."

Nikachukua namba ya mkulima ambayo marehemu alipimiwa nayo majani chai kituoni maisha yake yote, 1040703. Nikaijaribu kwa saba, kumi na moja, kumi na tatu, hadi kumi na tisa. Ikakataa kugawanyika. Nikaridhika, mjinga mimi.

Mbele ya jeneza nikatoa sauti ya mhubiri. "Namba ya baba yenu haigawanyiki. Shamba lake pia lisigawanywe." Mama akafuta machozi. Watu wakasema amina.

Kifungua mimba akasimama polepole, kofia mkononi. "Mwalimu, ulitufundisha tuanze kwa kujumlisha tarakimu. Za baba zinafika kumi na tano."

Ndugu zake wawili walikuwa wamesimama pia.

"Basi inagawanyika kwa tatu," akasema kwa heshima, "na hakuna kinachobaki."