Picha ya Mnyororo

Leo nimemfukuza jirani nyumbani kwangu, na chai yake hata hakuimaliza.

Ni Linda, yule mama wa Kiingereza wa ghorofa ya juu, hapa mtaani kwetu Kilburn, Uingereza. Karudi kutoka likizo Karibiani, kaja na kamera kutuonyesha picha za mji wa kale uliojengwa na Wahispania. Kanisa, sawa. Ngome na mizinga, sawa.

Halafu chumba walimofungiwa watumwa. Linda kajivisha mnyororo shingoni, katoa na ulimi!

Jamani, damu ilinichemka.

"Watu waliuzwa hapo, wewe unafanya mchezo? Toka!"

Akasimama, uso umemwiva. Akanyoosha kidole tu, ukutani nyuma yangu.

Picha yetu ya fungate, Zanzibar. Mimi huyu huyu, kwenye chumba cha watumwa, mnyororo shingoni, meno yote nje.

Miaka tisa iko pale, na kila mgeni namwonyesha!

Mke wangu, badala ya kunitetea: "Mi nilikukataza siku ile ile. Panda ukamwombe radhi."

Picha nimeishusha. Hasira bado haijashuka, na sijui hata namkasirikia nani.

Haya, nyie mngepanda?