Keki ya Kauboi na Magoti ya Baba Mkwe

Nilikuwa nimebakisha kofia na kamba tu kwenye keki wakati wakwe zangu walipobisha hodi. Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amepiga simu. Walikuwa wametoka Lumakanda alfajiri, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mume wangu hakushtuka hata kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kujua kuna jambo.

Nyumba yetu ya kupanga hapa Kakamega ina mlango mmoja. Jikoni iko nyuma ya sebule, katikati kuna pazia, dirisha lina vyuma. Ukitaka kutoka lazima upite sebuleni. Baba mkwe alivuta kiti akakiweka mlangoni apate hewa, akanyoosha miguu mpaka upande wa pili. Na kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani, wala hawapishani mahali pembamba. Yeye haingii jikoni kwangu, na mimi siruki magoti yake. Nilimsalimia kwa mbali, macho chini, nikarudi kwa keki yangu, mtoto mgongoni.

Ilikuwa keki ya ghorofa tatu. Mama mmoja mwenye duka la keki mjini alikuwa ameiagiza kwa siku ya kuzaliwa ya kijana wake aliyependa mambo ya kauboi. Alikuwa pia anatafuta mtu wa kupamba keki pale dukani, akaniambia wazi: "Lete saa sita, uipange mbele yangu. Nataka kuona mikono yako, si picha za simu." Nikiipanga vizuri, naanza kazi Jumatatu.

Kauboi mimi sijawahi kumwona. Ghorofa ya chini nilikuwa nimeizungushia ua wa mbao kwa fondanti ya kakao, ile sukari inayokandwa na kusukumwa kama chapati, nikachora mistari ya mbao kwa uma. Ya kati ilikuwa nyeupe yenye mabaka meusi kama ngozi ya ng'ombe. Fahali nilimfinyanga vile ninavyowajua mafahali: nundu, shingo nene, kichwa chini, kama wale wa kupiganishwa kule Khayega. Kofia ndiyo ilinisumbua. Mvua ilikuwa imenyesha, na fondanti ikipata unyevu inatoka jasho na kulegea. Nilikuwa nikiinua ukingo wake kwa karatasi ya choo, unashuka, nauinua tena.

Mama mkwe akaingia kutafuta chai.

"Na hii ni nini?"

"Keki, Mama."

"Na hiyo ng'ombe?"

"Ni ya sukari."

"Woi! Unatengenezanga ng'ombe ya sukari, na ile ya ukweli inalia nyumbani hakuna mtu wa kuikamua!" Akamega kipande cha fondanti, akatafuna. "Ni tamu. Lakini mtu hawezi kushiba."

Alipoondoka na kikombe chake, nikasikia sauti ya mzee nyuma ya pazia. Hakuishusha. Kwa nini aishushe?

"Mguu wa mama yako umekataa kabisa. Mahindi inataka palizi. Wewe kaa hapa na kazi yako ya ofisi. Mama mtoto aende nyumbani na mtoto."

"Ni sawa, Baba," mume wangu akajibu. "Vile tuliongea."

Vile tuliongea! Lini? Mimi nililala na huyu mtu kitanda kimoja wiki nzima, akala chakula changu, hakuniambia neno. Nilikuwa nikisokota kamba ya kauboi. Ikakatika mikononi. Nikasokota nyingine.

Saa tano na nusu gari lililotumwa na mwenye duka likapiga honi nje. Nilikuwa nimeweka kila ghorofa kwenye boksi lake. Nikamwita mume wangu kwenye pazia, nikanong'ona, "Mwambie Baba asogee kidogo, niende."

"Wazee hawajamaliza. Nitapeleka mimi."

"Inapangwa hiyo! Kuna vijiti vya kushikilia, kuna upande wa mbele."

"Si ni kuweka moja juu ya nyingine?"

"Ni mimi anataka kuona!"

Kisha mama mkwe, kutoka kwenye kochi: "Mama mtoto, punguza sauti. Hapa kuna mzee."

Nikapunguza. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Nilimaliza kidato cha nne, najua kubishana na mwenye nyumba na karani yeyote, lakini nilisimama pale nyuma ya kitambaa kama mtoto aliyechapwa.

Mume wangu akabeba boksi la kwanza. "Baba, naomba kupita." Mzee akakunja miguu papo hapo. Akainyoosha tena. Boksi la pili, akakunja. La tatu, akakunja. Mara tatu mlango ulifunguka kwa sababu ya keki niliyoitengeneza mimi, na mara tatu ukafungwa.

Nikachinja kuku. Nikapika na ugali, vidole bado vyeusi kwa rangi ya mabaka. Kutoka upande ule mzee akamsifu kuku: "Mwambieni ingokho imeiva vizuri."

Mume wangu alirudi saa nane, akakaa, akaomba chakula.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Aliuliza uko wapi. Nikamwambia una wageni."

"Na kofia umeielekeza wapi?"

"Kofia gani?"

Jumatatu asubuhi, nguo zangu na za mtoto zikiwa tayari kwenye mifuko ya kwenda Lumakanda, nikapiga simu dukani. Akapokea msichana nisiyemjua, sauti changamfu, na nyuma yake mashine ya kukoroga ilikuwa ikizunguka. "Haloo? Karibu, nikusaidie?" Nikakata bila kusema mimi ni nani.