Nyundo ya Kwanza ya Binti Yangu

Binti yangu alikuwa bado anamwaga nusu ya wali wake nje ya sahani babu yake alipomfungia mlango wa karakana. Alikuwa amemkuta na patasi mkononi, iliyonolewa asubuhi ileile, anaipeleka mdomoni. Hakumgombeza. Alimtoa nje, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya kufika jikoni nilikokuwa, "Huyu atarudi humu akianza shule."

Tunaishi Bujonde, na baba mkwe wangu ni seremala. Tangu mtoto ajue kutambaa alikuwa akishinda chini ya meza ya kazi ya babu yake, akichezea maranda ya mbao. Baada ya siku ile akawa anakaa kizingitini. Anagonga mlango kwa kiganja, analia, anachoka, anagonga tena.

Ingekuwa familia nyingine ningekwenda kumwombea. Lakini kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana haongei na baba mkwe ana kwa ana. Nikimwona anakuja njiani napinda kwenye migomba, naye hukohoa mapema ili anipe nafasi. Siku hizi wengi wameacha; nyumbani kwetu tumebaki na mila hiyo, na mimi sioni uadui ndani yake. Ni namna yetu ya kuheshimiana. Ila maana yake ni kwamba sitakaa kwenye benchi la yule mzee nikamtazama anavyofanya kazi. Nilitaka mwanangu akae.

Nikaamua kumnunulia zana zake mwenyewe. Babu akiuona ule mkono umeshika kitu kisicho na hatari, nilifikiri, huenda akalegeza.

Nafundisha darasa la awali, kwa hiyo vitu vya kuchezea si vigeni kwangu. Siku ya soko nilikwenda Kyela mjini, kwa muuzaji anayeleta bidhaa kutoka ng'ambo ya mpaka, Malawi. Mkobani nilikuwa na kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki toilet pepa ikiisha. Kama na wewe una mtoto mdogo, usikitupe. Kitu kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto kooni.

Boksi la kwanza lilikuwa na drili ya betri inayolia. Nilijaribu mfuniko wa betri kwa ukucha, ukafunguka. Nikalirudisha. Skrubu za boksi la pili nilizitumbukiza kwenye kibomba, zikadondokea upande wa pili kama mahindi.

"Dada, unanunua za mtoto au unajenga nyumba?" muuzaji akauliza.

"Za mtoto. Bado anatia kila kitu mdomoni."

"Kijana huyo atawavunjia vitanda."

"Ni wa kike."

Akacheka, akanyoosha mkono kwenye vijisufuria vya kuchezea. "Ungesema mapema. Jiko zima liko huku."

"Jiko analo nyumbani, tena la moto. Nishushie lile boksi la juu."

La juu lilikuwa na nyundo, msumeno, koleo, bisibisi, na skrubu zenye vichwa vilivyogoma kuingia kwenye kibomba. Nikapitisha kidole kwenye kingo, zilikuwa laini. Nikakwangua rangi, haikutoka. Nikagonga nyundo kwenye saruji ya baraza lake, kwa sababu plastiki dhaifu ikipasuka inageuka kisu. Haikupasuka.

"Umemaliza, daktari?"

"Bado. Acha nijaribu na koleo."

Nyumbani mama mkwe alizitandaza mkekani, akaguna. "Mume wangu alianza kazi na zana chache kuliko hizi."

Mtoto alihamia nazo kizingitini. Akagonga mlango kwa nyundo, akakereza ubao wake kwa msumeno. Mimi na mama mkwe tulikuwa uani tunapepeta mchele. Randa ikanyamaza ndani.

"Wewe fundi," babu akasema nyuma ya mlango, "muulize aliyekununulia, skrubu gani hizi nene kama mihogo?"

Mtoto akanigeukia na skrubu mkononi. Nikajibu kupitia kwa mama mkwe, kama tulivyozoea, ingawa wote tulikuwa tunasikiana. "Mama, mwambie baba nimechagua zisizopita hapa." Nikatoa kibomba, nikaeleza habari ya koo la mtoto, ya betri na ya kingo, taratibu, kama ninavyowaeleza wazazi shuleni.

Mama mkwe akageuza shingo. "Umesikia?"

"Sijasikia. Rudia."

"Amesikia," akaniambia. "Anataka tu nichoke."

Kisha sauti ya mzee: "Mjukuu, niletee hicho kibomba."

Mlango ulifunguka kiasi cha mtoto kupita, naye akapita nacho. Nilisubiri atolewe. Badala yake nikasikia msumeno, halafu randa, na tukamaliza kupepeta hajatoka. Alipotoka alikuwa na nyundo mpya ya mti, kichwa kinene, mpini wa kujaa kiganja chake, kingo zote zimepigwa msasa. Kibomba hakikurudi.

Siku mzee alipokwenda Ngonga kupachika milango, nilichungulia. Patasi zote zilikuwa zimepandishwa juu, karibu na paa. Chini, usawa wa kifua cha binti yangu, kulikuwa na ubao mpya wenye vigingi, na zana zake zimening'inia kwa mpangilio, za plastiki na ile ya mti. Kibomba changu kilikuwa juu zaidi, kwenye msumari wake, kati ya futi na guni, kifaa cha kupimia pembe.

Baadaye alikuja mteja kufuata kabati, akakiona. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa karakana naosha vyombo.

"Mzee, na karatasi hii ya chooni?"

"Hicho ni kipimo," baba mkwe akamjibu. "Cha mke wa mwanangu. Usikikunje."

Ndani nyundo ya mti ilikuwa inagonga. Niliosha sahani ileile muda mrefu, bila kugongesha hata sufuria moja.