Sangara wa Bei ya Kutupa

Bei ya samaki ilipoanza kupanda, mimi nilicheka. Mwanza na samaki! Nani angeamini mtu anaweza kuishi kando ya ziwa akakosa mchuzi? Lakini magari ya viwanda vya minofu yaliisubiri mitumbwi kabla haijagusa mchanga, na sangara wa maana waliondoka nayo. Sisi tulibakiwa na mapanki, mifupa iliyokwisha kukwanguliwa nyama.

Mama alikuwa mama ntilie, akiuza ugali na samaki kwenye kibanda chake Mkuyuni. Unga ulipanda, mafuta yakapanda, na kipande cha samaki kwenye sahani kikazidi kupungua. Wateja walinuna, wengine wakahama. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, kwa hiyo kibanda kile ndicho kilichotulisha wote, pamoja na mimi niliyerudi nyumbani na mimba kubwa. Niliogopa kila siku.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, na sangara mzima kwenye keria ya baiskeli, mnene, wa bei ya kutupa. Alikuwa ametia mtaji wote.

"Leo magari hayakuja," alisema akicheka.

Mimi sikucheka. Rahisi huvunja upishi.

Mchana mabenchi yalijaa wabeba mizigo wa sokoni. Ndiyo kwanza tumepakua, dereva mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, akaingia na habari: viwanda vimesimama, kuna watu wanavua kwa sumu, wanunuzi wa nje wamekataa samaki wa ziwa letu. Mikono ikasimama juu ya sahani.

"Mama, tunakuheshimu," akasema mbeba mizigo mmoja, "ila onja wewe kwanza."

Halikuwa tusi. Kwetu mwenye pombe huinywa kwanza mbele ya mgeni ili kumtoa hofu. Mama akavuta kigoda, akakaa katikati yao, akamega ugali, akala kipande cha tumboni chenye mafuta. Alikula taratibu, akilamba vidole.

"Nikifa, mhakikishe sahani zimeoshwa," akawatania.

Wakacheka. Mmoja akanawa mikono, wengine wakavuta sahani karibu. Nikaona siwezi kumwacha peke yake katika jambo lile, nikanyoosha mkono kwenye sahani yake.

Akanipiga mkono, kwa nguvu.

"Wewe usile!"

Wateja walitazama tumbo langu, kisha sahani zao. Yule aliyenawa akajifuta mikono kwenye suruali, akainuka, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyetukana. Baadhi yao hata waliaga.

Jioni tuliufukia mchuzi wote nyuma ya kibanda ili mbwa wasile.

Alfajiri niliamka nikiogopa hata kumgusa mama mguu nione kama yu hai, lakini kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilimkuta kibandani anachochea moto kwa mazoea. Alikuwa mzima kabisa. Samaki yule hakuwa na sumu yoyote. Mama alikuwa amebandika sufuria kubwa ya maji, anayatazama yakichemka, na cha kutia ndani hakikuwepo.